Likizo ya Koo

Jengo walilokaa lilikuwa la ghorofa nne, na wao walikaa ya tatu, lakini mtu aliyepita chini barabarani asubuhi aliweza kujua ni mtoto gani wa nyumba ile hajapiga mswaki. Sauti ya mama yao ndiyo iliyotoa taarifa hizo. Majirani walimwita Mama Honi, kwanza kisirisiri, halafu mbele yake, na mwishowe yeye mwenyewe akawa anajitambulisha hivyo kwa wageni, maana jina la utani ukilikataa ndipo linaponata.

Hakuwa mkali. Waliomjua vizuri walilisema hilo kila mara, kama watu wanaomtetea mbwa wao. Ni kwamba shughuli zilikuwa nyingi na mikono ni miwili tu, basi sauti ikawa mkono wa tatu. Akiwa jikoni anakaanga mayai aliweza kumwogesha mtoto aliye bafuni kwa maneno matupu: "Shingo! Nyuma ya masikio! Hujasugua, nasikia hujasugua!" Na kweli, mtoto alikuwa hajasugua.

Watoto walikuwa watatu. Kifungua mimba alikuwa msichana wa miaka kumi na tatu. Alirithi jina la bibi yake mzaa baba, kwa hiyo nyumba nzima ilimwita Bibi tangu akiwa kwenye nepi. Akafuata mvulana wa miaka tisa, Profesa, aliyepata jina hilo kwa ajili ya miwani na maswali. Wa mwisho alikuwa na miaka minne na aliitwa Kitinda tu, kwani wazazi walipofika kwake walikuwa wamechoka hata kubuni majina ya utani. Baba yao alikuwa fundi wa friji, na Fundi ndilo jina aliloitwa na wote. Alikuwa mtu wa maneno machache, si kwa tabia, bali kwa sababu maneno ya nyumba ile yalikuwa yanakwisha kabla zamu yake haijafika.

Mama Honi alikuwa msimamizi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Mashuka, magauni ya wagonjwa na vitambaa vya chumba cha upasuaji viliingia upande mmoja vichafu, kwenye matoroli, vikatoka upande wa pili vimekunjwa. Katikati palikuwa na mashine zinazounguruma, vikaushio, na pasi kubwa ya roli inayomeza shuka zima na kulitema limenyooka. Na juu ya ngurumo yote hiyo ilipita sauti yake. Kwa mujibu wa karatasi iliyobandikwa ukutani, zamu yake iliisha alasiri. Kwa mujibu wa maisha, iliisha pale msimamizi wa jioni alipoamua kufika, na huyo alichelewa karibu kila siku kwa kuwa alijua yuko mtu wa kumshikia.

Basi alikuwa akitoka kazini mbio, sokoni mbio, nyumbani mbio. Chai yake aliinywa amesimama, ikiwa imeshapoa. Dada yake mkubwa, ambaye alikuwa mshonaji na mtu wa kusema kweli hata asipoulizwa, alimwambia siku moja: "Mdogo wangu, wewe hata ukikaa unakaa kama mtu anayesubiri kuitwa." Mama Honi akacheka, akaangalia saa, akaondoka.

Koo lilianza kwa kukwaruza. Akanywa tangawizi. Akanywa asali. Kila mtu kazini alikuwa na dawa yake, na yeye akazinywa zote ili asimwudhi mtu. Sauti ikawa nzito, kisha ikawa na mikwaruzo, kisha ikawa inakuja na kupotea. Hakwenda hospitali, ingawa alifanya kazi ndani yake. Ilimbidi kupita ua mmoja tu, lakini nafasi ya kuupita ua ule hakuipata.

Halafu alasiri moja alikuwa anawaelekeza wafanyakazi wapya namna ya kupanga matoroli. "Vya upasuaji vinakuja kwanza," alisema, "halafu vya wodi ya wazazi, halafu..." Hapo sauti ikazimika kama taa. Mdomo uliendelea kwenda, lakini hakikutoka kitu. Wafanyakazi walisubiri kwa adabu. Mmoja akasema, "Mama, malizia." Akajaribu kumalizia. Kilichotoka ni pumzi.

Daktari wa koo alikuwa kijana, mwanamke, mwenye mikono baridi. Alipitisha puani kijibomba chembamba chenye kamera, akamwonyesha yeye na mumewe kwenye kioo nyuzi mbili za sauti, na katika kila uzi kijinundu kama punje ya mtama.

"Unafanya kazi gani, mama?"

Mama Honi akafungua mdomo. Daktari akainua mkono.

"Usijibu wewe. Baba, nijibie."

"Anasimamia ufuaji," Fundi akasema. "Kuna mashine zina kelele sana."

"Na nyumbani?"

Fundi akawaza kidogo. "Nyumbani mashine ni sisi."

Daktari hakucheka. Alieleza kuwa vinundu vile vimetokana na kupaza sauti miaka na miaka. Vikipumzishwa vitanywea vyenyewe, visipopumzishwa vitakatwa. Dawa ilikuwa moja: asiseme neno mpaka atakaporudi mwisho wa mwezi. Si kwa simu, si kwa mtoto, si kwa jirani.

"Hata kunong'ona?" Mama Honi akauliza kwa kunong'ona.

"Kunong'ona ndiko kunakolichosha koo zaidi. Na kupumzika je? Kwa siku unapumzika saa ngapi?"

Mama Honi akamtazama mumewe, mumewe akamtazama daktari. 

*

Asubuhi ya kwanza ya ububu wake ilikwenda vibaya kuliko ilivyotarajiwa. Alipiga makofi kuwaamsha. Profesa akaamka akidhani kuna sherehe. Alionyesha kwa mikono kwamba kuna baridi, Kitinda avae sweta: akajikumbatia, akatetemeka, akavuta kitu kichwani. Profesa akakimbia, akarudi na mto.

"Mama anataka kulala," akatangaza.

Fundi alikuwa jikoni akipambana na mayai kwa bisibisi yake ya kazi, maana mwiko hakujua unakaa wapi. Mayai yakaungua. Kitinda akatoka bila sweta, Profesa akatoka na viatu visivyofanana, na Bibi akakuta ameachwa na basi la shule. Mama Honi alisimama mlangoni akiwaangalia wanavyoshuka ngazi, mishipa ya shingo imemsimama kwa maneno aliyoyazuia. Fundi akamgusa bega akipita.

"Tutajua tu, mama watoto," akasema. "Polepole tutajua."

Kazini, Meneja alimhamishia chumba cha viraka. Msimamizi bubu, alisema, ni sawa na kengele ya pamba. Aliyeshika nafasi yake ni mzee mmoja wa kwenye pasi ya roli, ambaye alisimamia kwa kuonyesha kidole tu, na mashuka yakaendelea kutoka kama kawaida. Chumba cha viraka kilikuwa nyuma, mbali na mashine, na humo mlikuwa na mshonaji mtu mzima aliyekuwa hasikii vizuri sikio moja. Huyo alimpokea Mama Honi kwa furaha kubwa, kwani hatimaye alikuwa amepata msikilizaji asiyemkatiza. Kazi ilikuwa kutafuta matundu kwenye mashuka na kuyaziba. Saa ya kutoka ilipofika, hapakuwa na mtu wa kumshikia zamu. Mashuka yaliyotoboka yangeendelea kutoboka kesho. Akachukua mkoba wake, akaondoka jua lingali juu, akajihisi kama mwanafunzi anayetoroka.

Nyumbani mambo yalikwenda, lakini yalikwenda kwa miguu ya wengine, na hilo lilimuuma. Sahani zilioshwa mbele na kuachwa na mafuta nyuma. Nguo zilianikwa ndani nje. Fundi, ambaye aliweza kuunganisha nyaya nyembamba kama nywele, alimsuka Kitinda mkia mmoja uliofanana na kamba ya kufungia mzigo. Mama Honi aliyaona yote, kidole chake kikawa kinanyooka hewani na kurudi chini. Usiku alikuwa akihesabu makosa ya siku badala ya kulala. Hata hivyo watoto walifika shule. Walikula. Hakuna aliyekufa kwa sababu ya sahani. Wangekuwa wameharibu kila kitu angewasamehe haraka. Kilichomchoma ni kwamba dunia haikuharibika.

Baada ya wiki ya kwanza alianza kukaa kwenye ngazi za nyuma za jengo. Hakupanga. Siku moja alikuwa amebeba kikombe cha chai, sebuleni Profesa na Kitinda wanagombania rimoti, na kwa mazoea akageuka kuwaamua. Akakumbuka kwamba hana cha kuwaamulia. Akatoka, akafunga mlango, akakaa kwenye ngazi. Chai ilikuwa ya moto. Akainywa mpaka mwisho, na ikawa bado ya moto. Alipoingia ndani, ugomvi ulikuwa umekwisha. Nani alishinda hakujua.

Keshoye akarudi tena. Palionekana ua wa jengo la jirani, na paka, na mtu aliyekuwa akipaka rangi dirisha lilelile siku baada ya siku. Mwanzoni alikaa kama alivyoambiwa na dada yake, kama mtu anayesubiri kuitwa. Kisha mabega yakashuka.

Watoto wakaanza kumfuata pale. Profesa alikuja kumweleza mambo ya sayari, na kwa kuwa hakuambiwa "nenda kafanye kazi za shule," alieleza mpaka akafika kwenye jambo lililokuwa linamsumbua, nalo ni kwamba kuna wenzake wanamficha miwani. Kitinda alikuja kukaa tu, akimegea paka mkate.

Bibi alichelewa kuja. Alipokuja alikaa ngazi mbili juu ya mama yake, nyuma, mahali ambapo hawakuweza kutazamana.

"Mama."

Mama Honi akageuza kichwa nusu.

"Nilianza kupata siku zangu. Miezi mitatu sasa."

Paka alikuwa anajilamba. Mtu wa dirisha alikuwa ameshuka ngazi yake anachanganya rangi.

"Nilimwambia mama mkubwa," Bibi akasema. "Yeye ndiye aliyeninunulia vitu. Nilimwambia asikwambie. Usimkasirikie." Akaendelea haraka, kama anayemwaga maji ya ndoo. "Niliogopa utasema kwa sauti. Yaani usingetaka kusema kwa sauti, lakini ungesema. Halafu wale wa chini wangejua, na watoto wao niko nao darasa moja."

Mama Honi alihisi maneno yakipanda. Alijua ni yapi. Mimi mama yako, miezi mitatu, kwa nini hukuniambia! Na alijua yangetoka kwa ukubwa gani, na yangefika ghorofa ya ngapi. Yalifika kooni yakakuta mlango umefungwa. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akapapasa, akaupata mguu wa binti yake, akaushika kwenye kifundo. Bibi hakuutoa. Wakakaa hivyo mpaka taa za ua zilipowaka.

*

Mwisho wa mwezi alirudi kwa daktari peke yake. Fundi alikuwa na friji la duka la nyama, na nyama haisubiri. Kamera ikapita. Vinundu vilikuwa vimenywea, nyuzi zimekuwa safi.

"Sema aaa," daktari akasema.

"Aaa," Mama Honi akasema, na akashtuka, kwani sauti ilikuwa ndogo na laini, kama ya mtu mwingine aliyejificha nyuma ya pazia.

"Hongera. Unaweza kuongea. Polepole, kwa sauti ya chini, ukichoka unyamaze. Ukirudia mambo yako ya zamani, na vinundu navyo vitarudi."

Alitembea kwenda nyumbani akijaribu maneno njiani, "mkate," "Jumatano," "habari za jioni," kama anayejaribu viatu. Alikuwa amefurahi. Alipanda ngazi akifikiria neno la kwanza la kuwaambia, na mlango ulipofunguka, Profesa akawa amesimama na mwiko mkononi.

"Daktari amesemaje?"

Nyuma yake nyumba ilikuwa inaendelea. Maji yalichemka. Bibi alikuwa anakatakata vitunguu huku akimsomesha Kitinda herufi. Hapakuwa na mtu aliyemgeukia amwulize kaptura ya mtu fulani iko wapi. Mama Honi akagusa koo lake, akatikisa kichwa.

"Bado?" Profesa akauliza. "Pole, Mama."

Uongo ule haukuwa na sauti, kwa hiyo mwenyewe alijidanganya kwamba haukuwa uongo. Kesho nitawaambia, aliwaza, na kesho akawaza vilevile. Kazini alianza kuongea kidogo na mshonaji, upande wa sikio lile zima. Alimpigia simu dada yake na kumweleza habari ya koo lake, akiwa juu ya paa la jengo, nyuma ya tangi la maji, mahali zilipokuwa kamba za nguo. Dada yake hakufurahi.

"Waambie, mdogo wangu. Uongo una miguu mifupi."

"Wiki moja tu, dada. Najua ni vibaya. Ila nikifungua mdomo, yote yananirudia."

Jambo alilokuwa hajalitazama sawasawa, ingawa lilikuwa mbele ya macho yake kila siku, ni kwamba ule mzigo alioutua haukuwa umeanguka chini. Sehemu aliibeba Fundi, naye aliibeba asubuhi, kwa mayai ambayo sasa hayakuungua. Lakini mchana Fundi alikuwa kwenye mafriji ya watu. Aliyekuwa anarudi wa kwanza ni Bibi. Bibi ndiye aliyempokea Kitinda, aliyepika, aliyeanua nguo, aliyemkagua Profesa, na vitabu vyake mwenyewe alivifungua wenzake walipokwisha kulala. Wakati huo mama yake alikuwa kwenye ngazi za nyuma akiona jinsi dirisha la watu linavyopendeza.

Jumanne iliyofuata Bibi alipanda juu ya paa kuanua nguo mapema, maana mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Akasikia mtu anacheka nyuma ya tangi. Akakitambua kicheko kabla hajaitambua sauti.

"Acha niendelee kuwa bubu kidogo," mama yake alikuwa akisema. "Raha yake huijui. Watoto wenyewe wanaweza kila kitu, dada. Bibi siku hizi ni mama kamili."

Bibi aliendelea kuanua. Alichomoa vibanio kimoja kimoja, akavitia mfukoni, akaikunja kila nguo vizuri. Mama Honi alipotokeza na simu mkononi, alimkuta amekumbatia rundo la nguo hadi kidevuni, anamtazama.  Bibi akageuka, akashuka ngazi.

Jioni hiyo chakula hakikupikwa. Fundi alirudi akakuta jiko baridi, Kitinda analia njaa, na Bibi amekaa mezani na kitabu cha hesabu wazi mbele yake.

"Vipi leo?" akauliza. "Unaumwa?"

Bibi akagusa koo lake, akatikisa kichwa.

"Umekosa sauti?"

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye hesabu zake.

Fundi akamgeukia mkewe. "Mama watoto, huu ugonjwa unaambukiza?"

"Hauwezi kuambukiza," Profesa akasema. "Mama aliupata kwa kupiga kelele. Bibi hapigi kelele."

Kitinda akaacha kulia, akashika koo lake na yeye, kwa kuona ndio mtindo. Mama Honi alisimama kando ya friji. Alimwangalia binti yake, na aliona kwamba kurasa za kitabu kile zilikuwa zimerukwa nyingi. Hapo angeweza bado kunyamaza. Kwa muda alilifikiria hilo.

"Koo langu limepona," akasema.

Ilikuwa sauti ndogo, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuisikia ikiwa ndogo hivyo, walichelewa kujua imetoka wapi. Profesa alimwangalia Bibi kwanza.

"Limepona sasa hivi?" Fundi akauliza.

"Tangu Jumatano iliyopita."

"Leo Jumanne," Profesa akasema.

"Najua, mwanangu."

 Fundi alivua koti lake la kazi, akakunja mikono ya shati, akawasha jiko, akaanza kupika wali na mayai. Alipika kwa kelele, vifuniko vikigongana. Kwa mtu kama yeye huo ulikuwa ni ugomvi kamili, wenye mwanzo na mwisho.  Bibi alikula, akasema "asante, Baba," akaenda chumbani.

*

Watoto walipoondoka mezani, Fundi alibaki akikusanya punje za wali kwa ncha ya kidole.

"Ungeniomba," akasema.

"Nini?"

"Kupumzika. Ungesema tu, nimechoka, nishikieni. Mimi ni mtu wa kuambiwa."

Mama Honi alifikiri. "Kuomba sikujui," akasema. "Nakujua kuamrisha. Nikitaka kitu naamrisha, na nikishaamrisha lazima nisimame nione kimefanywa, na nikisimama naona bora nifanye mwenyewe. Basi ndiyo hivyo."

"Na mimi nilikuwa nasubiri kuamriwa," Fundi akasema. "Ilikuwa rahisi. Siwezi kusema haikuwa rahisi."

Mama Honi alimkuta Bibi amelala kifudifudi juu ya kitanda, na nguo zilizoanuliwa ziko kwenye kiti. Akazihamishia mezani, akakaa.

"Nimekukosea."

Bibi hakugeuka. "Umesema mimi ni mama kamili."

"Nilisema."

"Mimi sitaki kuwa mama. Nina mtihani. Na nilikuonea huruma, Mama. Kila siku nilikuwa nakuonea huruma." Sauti yake ilikuwa imezibwa na mto. "Na nilikwambia jambo langu kwa sababu nilijua huwezi kulisema."

 Mama Honi alijibu kwa sauti ileile ndogo, na haikuwa kwa ajili ya daktari.

"Sijalisema. Kwa yeyote. Hata mama mkubwa wako hajui kwamba najua." Akangoja. "Sasa naweza kulisema na silisemi. Hiyo angalau unihesabie."

Bibi alisogea kidogo ukutani, na nafasi ikapatikana kwenye kitanda.

Jumamosi walikaa wote mezani. Kikao hakikuwa kizuri. Kila mtu alikuwa na lake: Profesa alitaka sahani zihesabiwe kabla hajakubali kuziosha, Kitinda alitaka kusukwa na mama, si na baba, na Bibi alikaa amekunja mikono kama wakili. Mama Honi aliomba. Aliomba vibaya, kama mtu anayeongea lugha ya ugenini. Mara mbili amri ilimponyoka, mara mbili akairudisha. Alisema anataka nusu saa yake akitoka kazini, asiulizwe kitu, kisha kazi zote za mchana ni zake na si za Bibi. Fundi alisema asubuhi aachiwe yeye, ameshaizoea. Profesa akakubali sahani, kwa masharti.

"Na zamu?" Bibi akauliza. "Ukirudi kusimamia utakuwa unakuja jioni, halafu mimi nitapika tena."

Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo isipokuwa yeye.

Jumatatu Mama Honi alikwenda kwa Meneja kabla ya kuvaa aproni. Alimwambia yuko tayari kurudi kwenye mashine, na kwamba zamu ikiisha itakuwa imeisha.

"Na yule wa jioni akichelewa, nani atabaki?" Meneja akauliza.

"Sijui," akasema.

Meneja akamtazama kwa mshangao wa kweli, kwani katika miaka yote aliyomfahamu hakuwahi kumsikia akilisema neno hilo. Alikuna kichwa. Alimwambia arudi chumba cha viraka kwa sasa, mpaka atakapolifikiria. Alilifikiria wiki mbili, akamthibitisha mzee wa pasi kuwa msimamizi. Mama Honi aliposikia alikwenda kumpa mkono mzee, akarudi kwenye viraka vyake, na alasiri ile alishona vibaya, akafumua, akashona tena. Alikuwa ameipenda ile kazi. Alikuwa ameipenda hata ile kelele.

Mambo hayakunyooka kama shuka. Sauti ilimponyoka mara kwa mara, hasa siku za mvua, na wale wa chini wakatabasamu. Bibi alikuwa akimwamini Jumatatu na kumshuku Alhamisi. Mtihani aliufaulu, si kwa alama alizozitaka. Profesa alivunja sahani kadhaa, akadai ni ajali.

Kisha siku moja Mama Honi alirudi nyumbani kutoka kazini akakuta mlango umefungwa na ndani hakuna mtu. Akapiga simu.

"Tuko zahanati," Fundi akasema. "Kitinda alichemka mchana, shule wakaniita. Daktari ameshamwona. Ni homa tu, tunasubiri dawa. Wote tuko hapa, Bibi na Profesa wamenikuta."

"Kwa nini hukunipigia?"

"Ungefanya nini ambacho sijafanya?"

Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua. Mama Honi akasimama katikati ya sebule na mkoba begani. Swali lilimpiga mahali pawili kwa wakati mmoja, na hakuweza kutenganisha ni wapi paliuma na wapi palipoa.

"Nije?" akauliza.

"Ukitaka. Lakini tunaweza."

Alikwenda. Hakukimbia, zahanati ilikuwa mtaa wa tatu, na alitembea kama watu wanavyotembea. Aliwakuta kwenye benchi la ukutani, Profesa akisoma tangazo la kunawa mikono kwa sauti na kulisahihisha, Bibi na kitabu, Kitinda amelala kwenye mapaja ya baba yake huku mashavu yamemwiva. Alifumbua jicho moja.

"Umefuata nini, Mama?"

"Nimekuja kukaa," akasema.

Bibi akasogea, na mama yake akaketi kati yao. Dirisha la dawa lilikuwa limefungwa bado, na mbele yao kulikuwa na watu wengi.